Mjadala: Mwenyekiti Mwafrika au kura ya Mwafrika? Mifuko ya lishe ya watoto iongozwe na nani

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo kwa muda mrefu imezungumzwa kwenye korido za vikao vya lishe bila kuwekwa mezani. Tangu mwaka 2015 dunia imekuwa ikianzisha mifuko ya pamoja ya kugharimia lishe ya mama na mtoto, kwa maelezo kwamba fedha za mfadhili mmoja mmoja zilikuwa zinatawanyika. Mwaka huo ulizaliwa Power of Nutrition, wenye makao London, na Julai ya mwaka huohuo, mjini Addis Ababa, ukazinduliwa Global Financing Facility unaohifadhiwa na Benki ya Dunia, ambao Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi nne za mwanzo pamoja na Ethiopia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Novemba 2023 ukafuata Child Nutrition Fund, ulio chini ya UNICEF, ambao uliungwa mkono tangu mwanzo na serikali ya Uingereza, taasisi ya Gates na taasisi ya CIFF (Children's Investment Fund Foundation). Katika orodha hiyo ya waanzilishi hakuna hata nchi moja ambayo watoto wake ndio wanaolishwa.

Najua jibu litakalotangulia: tupewe mwenyekiti wa kutoka kwetu. Jibu hilo linanitia shaka, kwa sababu wenyeviti tumeshawapata. Rais mstaafu Jakaya Kikwete alikabidhiwa uongozi wa bodi ya Global Partnership for Education, mfuko wa kimataifa wa elimu, mwaka 2021. Donald Kaberuka wa Rwanda aliongoza bodi ya Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria kuanzia 2019 hadi 2023. Hata Global Financing Facility yenyewe iliwahi kuongozwa na Muhammad Ali Pate wa Nigeria, ambaye baadaye akawa waziri wa afya nchini kwake. Hawa ni watu wazito, na sidharau kazi yao. Lakini mtu anaweza kukaa mbele ya meza ilhali mgao wa fedha unapangwa kwenye chumba kingine.

Tazameni mpangilio wa Global Financing Facility. Kuna Kundi la Wawekezaji, ambamo nchi zetu zinakaa pamoja na wafadhili, mashirika ya Umoja wa Mataifa na asasi za kiraia, wanajadiliana na kushauriana. Halafu kuna Kamati ya Mfuko wa Amana, ambayo ni ya waliotia fedha, na humo ndimo maamuzi ya mgao yanamofanyika. Waziri wetu anasikilizwa kwa heshima zote katika kikao cha kwanza, kisha cha pili kinaendelea bila yeye.

Sasa linganisheni na Mfuko wa Dunia. Bodi yake ina kura 20: kumi za upande wa wafadhili na kumi za upande wa watekelezaji, na katika hizo kumi za pili zimo saba za nchi zinazoendelea, mbili za asasi zisizo za kiserikali na moja ya jamii zinazoishi na maradhi hayo. Uamuzi ukipigiwa kura haupiti bila theluthi mbili ya kila upande. Mwenyekiti mwenyewe hana kura. Kwa hiyo Kaberuka alipokuwa akiongoza kikao, kilichomlinda mgonjwa wa Kigoma au wa Kisumu hakikuwa uraia wa mwenyekiti, bali ni zile kura kumi.

Pendekezo langu ni kwamba mifuko ya lishe ifuate njia hiyo, na ianzie pale ambapo hoja yetu ina nguvu zaidi. Child Nutrition Fund ina dirisha ambalo nchi ikitoa dola yake kununua chakula dawa, yaani chakula cha pakiti cha kutibu watoto wenye utapiamlo mkali, na bidhaa nyingine za lishe, mfuko unaongeza dola nyingine. Hapo hatuzungumzii tena msaada mtupu. Aliyeweka nusu ya unga kwenye chungu ana haki ya kuuliza ugali utapakuliwaje.

Mchangiaji wa kwanza (mhasibu mstaafu wa halmashauri):

Ndugu mtoa mada, umeandika vizuri, lakini wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nami niliishika mikono hiyo mitupu kwa miaka mingi. Unazungumzia nusu ya unga. Nusu ipi?

Sote tunajua kwamba halmashauri zetu zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Tunajua kwamba Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, na kwamba Septemba 2022, akiwa sasa Rais, ilisainiwa upya mbele yake. Kutenga hakujawahi kuwa tatizo. Kifungu kinaandikwa kwenye bajeti, kinapitishwa na baraza la madiwani, na kadi alama inayopima utekelezaji wetu inapakwa kijani. Tatizo ni kutoa. Katika halmashauri moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja, kifungu cha lishe kilikaa bila senti tangu Julai hadi mwezi wa tano. Fedha zilipotoka zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya kufunga mwaka, na katika muda huo hakuna kinachowezekana zaidi ya semina. Nilizisaini mwenyewe zile posho. Chai, vitafunwa, nauli, shajara na kalamu. Mtoto hakuonekana mahali popote katika hati ile ya malipo, isipokuwa kwenye kichwa cha semina.

Sasa unataka mtu huyohuyo aliyechelewesha fedha zake mwenyewe apewe kura juu ya fedha za wengine. Wafadhili wana haki ya kuogopa. Mimi ningesema tulipe kwanza, tena kwa wakati, miaka mitatu mfululizo, ndipo tudai viti.

Mchangiaji wa pili (muuguzi wa zahanati):

Naomba nishushe mjadala huu kidogo, kwa sababu mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kufungua boksi la chakula dawa.

Boksi lina pakiti 150, kila pakiti gramu 92, na kwa hesabu za kawaida linatosha kumtibu mtoto mmoja mwenye utapiamlo mkali mpaka apone. Siku moja ya kliniki aliletwa mtoto wa miezi tisa. Nilimfunga utepe wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa kushoto, ukasoma sentimita 11.2, yaani ndani ya wekundu, ambao unaishia 11.5. Hakuwa na uvimbe, alikuwa na hamu ya kula, kwa hiyo angeweza kutibiwa akiwa nyumbani. Kwa uzito wake alihitaji pakiti mbili kwa siku. Boksi lilikuwa limebaki na pakiti 19. Nikampa mama 14 za wiki ya kwanza, nikaandika kwenye rejesta, nikamwambia arudi. Alirudi, mtoto ameanza kuchangamka, nami nikampa tano zilizobaki. Akazihesabu pale pale mezani, moja moja, kisha akaniuliza kama nyingine tisa ziko kabatini.

Nilipiga simu wilayani. Wilaya ikasema waulize mkoa. Mkoa ukasema mzigo upo, haujagawiwa. Hakuna aliyekosea katika maelezo yao. Kwa hiyo, ndugu mtoa mada, hizo kura zako kumi zinanihusu tu kama mwisho wake kuna mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu ambaye analazimika kunijibu mimi. Na wewe mzee wetu mhasibu, mtoto yule hangeweza kusubiri miaka mitatu ya kulipa kwa wakati.

Mchangiaji wa tatu:

Kwa ufupi tu: kwa nini tuhangaike na viti vya meza inayovunjwa? Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kufikia Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Uingereza nayo ilitangaza Februari ya mwaka huohuo kwamba itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo 2027. Tutapewa kura siku ambayo sanduku ni tupu.

Mchangiaji wa nne (mkazi wa Iringa):

Nimesoma nikasikitika kwamba hakuna aliyekumbuka Iringa, ilhali jambo hili tulishalijaribu hapa.

Mwaka 1983 serikali yetu, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huu. Fedha zilikuwa za Italia, lakini kikao kilikuwa cha kijiji. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, hadharani, mama akiona mshale wa mizani, na hesabu ikapelekwa kwenye serikali ya kijiji, ambayo ilikuwa inaulizwa maswali matatu: hali ikoje, sababu yake nini, tutafanya nini kwa tulicho nacho. Kijiji kimoja kikiona kwamba watoto wanapungua msimu wa palizi, kwa sababu mama anashinda shambani na mtoto anakula mara moja kwa siku, kilikuwa na uwezo wa kuamua kuanzisha mahali pa kuwalelea watoto karibu na mashamba. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka michache, na fikra zilizotokana na kazi ile zikaingia katika mfumo wa kueleza sababu za utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza kwa dunia nzima mwaka 1990.

Sasa someni matokeo ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022. Udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, nchini umeshuka kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 30. Iringa ni asilimia 56.9, ya kwanza Tanzania Bara, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, mikoa yote mitatu ikiwa na mahindi ya kuuza nje. Najua kwamba enzi zile tulipima uzito na leo tunapima urefu, na vipimo hivyo viwili havilinganishwi moja kwa moja. Lakini kuna jambo lilitokea hapa. Fedha zilipokwisha, mizani ilibaki zahanati. Mkutano wa kijiji uliendelea kukaa, ila ajenda ya watoto ilitoweka.

Kwa hiyo namuunga mkono mtoa mada nusu. Akisema kura ziende kwa nchi, nauliza nchi ni nani. Kura saba za Dodoma na Nairobi hazitamfikia mwenyekiti wa kijiji kama taarifa zinapanda tu na hazishuki.

Mtoa mada:

Nimejibiwa sawasawa, na sehemu nyingine nimepigwa. Nianze na mzee wetu mhasibu: nakubali kwamba kura isiyo na malipo ni kelele. Lakini simkubalii miaka mitatu ya majaribio, maana hakuna mfadhili aliyewahi kuwekewa sharti hilo, na mchangiaji wa tatu ametukumbusha jinsi walivyo huru kuondoka. Nchi iliyochangia kwenye dirisha la dola kwa dola ipate kura mwaka ilipochangia, na ikishindwa kutoa, ikose kura mwaka unaofuata. Na mfadhili aliyekatisha ahadi katikati ya mwaka apimwe kwa kipimo hichohicho. Kuhusu sanduku tupu, ndugu yangu, naona kinyume chake: fedha zinapopungua ndipo swali la nani aachwe linapokuwa kali, na sitaki lijibiwe na wale peke yao ambao watoto wao hawamo kwenye foleni.

Kwa muuguzi na ndugu wa Iringa, narekebisha pendekezo langu. Kila fedha inayopita kwenye mifuko hii iandamane na hesabu inayoshuka: maboksi mangapi yameagizwa kwa wilaya, yamefika lini, yamebaki mangapi, na karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa zahanati na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji. Pia katika zile kura kumi, ya jamii isiende kwa shirika lenye ofisi mjini. Kwenye Mfuko wa Dunia anakaa mtu anayeishi na ugonjwa. Kwenye lishe mgonjwa ana miezi tisa, kwa hiyo kiti ni cha mama yake, yule aliyehesabu pakiti tano mezani. Linalonisumbua, na naomba wachangiaji walijibu, ni nani atamchagua mama huyo, na vikao vitaendeshwa kwa lugha gani.

Mchangiaji wa pili:

Kwetu wakimchagua siku ya kliniki watampata, maana siku hiyo wanakuja karibu wote, na mzozo wa nani anafaa utaisha hapohapo. Lugha iwe hii tunayoandikia. Na vikao visipangwe Jumanne, Jumanne ndiyo kliniki yetu.