Studio za Arusha, kama hamwezi kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe, msiupokee!

Wakuu salaam.

Nina hasira na sitaificha. Nimerudishiwa mkanda wa picha 36 ukiwa mtupu, unaona hadi upande wa pili kama plastiki ya kufunikia daftari, halafu nikaambiwa kamera yangu ndiyo mbovu. Jina la studio silitaji kwa sababu bado nawadai pesa yangu. Ipo Arusha mjini, na mlangoni wamebandika karatasi kubwa: TUNASAFISHA MIKANDA YA AINA ZOTE. Karatasi hiyo ndiyo iliyonitoa Moshi.

Mkanda wenyewe ni Ilford HP5 Plus. Huu si mkanda wa kukuta dukani pale Double Road, Moshi mjini. Mimi naagiza kwa ndugu anayesafiri, na kila mara namsisitiza aubebe kwenye begi la mkononi, kwa sababu mashine za kukagulia mizigo mikubwa uwanja wa ndege zina mionzi mikali inayouunguza mkanda kabla haujapigwa. Ukifika unakaa kwenye friji. Ndivyo tunavyoitunza mikanda hii sisi tunaoipenda.

Nilipofika kaunta nilimwambia kijana kwa mdomo wangu kwamba huu ni wa nyeusi na nyeupe, usiingie kwenye dawa ya rangi. Nikaandika na juu ya bahasha kwa herufi kubwa: NYEUSI-NYEUPE, SIYO C-41. C-41 ndiyo hiyo njia ya kusafisha mikanda ya rangi. Akanijibu, "Usijali kaka, hizi tunazifanya kila siku." Nikalipa yote palepale.

Niliporudi kuchukua, dada wa kaunta akanipa ule utepe mtupu. "Pole kaka, mkanda haukuchukua kitu. Peleka kamera kwa fundi."

Wakuu, kamera ni Pentax K1000 ya baba mdogo. Ni chuma na gia tupu, betri yake kazi yake ni kipima mwanga tu, hata ukiitoa kamera inapiga. Nilifungua mgongo wake mbele yao, nikafyatua kwa kasi ya sekunde 1/60, nikafyatua kwa 1/250, nikapanda hadi 1/1000, na kila mara mwanga ulipita kwenye lenzi wakauona kwa macho yao. Akaitwa mkubwa wao. Akasema labda mkanda haukushika kwenye roli, kwa hiyo nilikuwa nafyatua hewa.

Hapo ndipo nataka kila mwenye kamera ya mkanda asome polepole, maana hii ndiyo njia ya kumjua anayekudanganya.

Karibu kila mkanda wa 35mm una maandishi pembeni, karibu na matundu: jina la mkanda na namba za picha, 1, 1A, 2, 2A, kuendelea. Maandishi hayo hayapigwi na kamera yako. Kiwanda huyachoma kwa mwanga kabla mkanda haujaingia kwenye kopo, na hubaki yamejificha mpaka mkanda usafishwe. Sasa fikiria. Kama kamera ni mbovu, au mkanda haukushika, picha hazitakuwepo ila maandishi ya pembeni yatatokea meusi tii, kwa sababu dawa imefanya kazi yake. Mkanda wangu hauna picha, na pembeni hauna hata nukta. Hakuna jina, hakuna namba, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kamera haina uwezo wa kufuta kilichoandikwa kiwandani. Dawa ndiyo inayofuta.

Na inafuta hivi. Mkanda wa nyeusi na nyeupe picha yake ni madini ya fedha. Mwanga unapopiga, dawa ya kwanza inageuza chembe zilizopata mwanga kuwa fedha nyeusi, kisha fiksa inaondoa zile ambazo hazikupata mwanga. Kinachobaki ni picha. Mkanda wa rangi ni habari nyingine. Ndani yake kuna vitu vinavyozaa rangi kuzunguka zile chembe za fedha, kwa hiyo katika C-41, baada ya dawa ya kwanza inayokwenda dakika 3 na sekunde 15 kwenye joto la nyuzi 38 hivi, kuna dawa nyingine iliyowekwa makusudi ili fedha yote iondoke, ibaki rangi peke yake. Ukiingiza HP5 humo, fedha inaondoka yote, na rangi ya kubaki haimo. Unapata plastiki. Picha, namba, jina la kiwanda, vyote vimekwenda na maji, na hakuna fundi duniani wa kuvirudisha.

Mkubwa wao nilipomweleza haya akaniambia, "Mbona iko mikanda ya nyeusi na nyeupe tunaipitisha kwenye mashine yetu na inatoka?" Ndiyo, ipo. Ilford XP2 Super imetengenezwa kwa ajili ya C-41, na imeandikwa hivyo. Mtu anayefungua studio na kubandika AINA ZOTE mlangoni anatakiwa ajue tofauti hiyo kabla ya kugusa mali ya mteja. Na kama hajui, bahasha ilikuwa imemwambia!

Kilichoniuma zaidi ni kilichokuwa ndani. Kibosho kuna bibi anayekoboa kahawa yake kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, chini ya migomba, kwenye kihamba, shamba la ukoo, walichomwachia wazee wa mumewe. Ilinichukua muda mrefu mpaka akakubali kupigwa picha, na alikubali kwa sharti nimletee yake ya karatasi. Sasa naenda kumwambia nini? Msimu wa kahawa umepita. Kulikuwa na mafundi cherehani pia, wale wa barazani Moshi mjini, lakini hao nitawapata hata kesho. Bibi sina hakika kama atakubali tena.

Halafu kuna la pili. Pamoja na ule mkanda niliwapa mmoja wa rangi, Kodak Gold 200, uliopigwa kwa kamera ileile. Huo ukatoka vizuri, picha zote zipo, jambo ambalo peke yake lingetosha kufunga mjadala wa kamera mbovu. Wakanitumia picha kwa WhatsApp. Nikauliza negativu, yaani mkanda wenyewe uliokwisha kusafishwa, ziko wapi. "Tumetupa kaka, siku hizi watu hawachukui."

Wametupa! Negativu ndiyo picha yenyewe. Hizo za WhatsApp ni nakala iliyobanwa, ukiikuza kidogo sura ya mtu inavunjika vipande. Mwenye negativu anaweza kuiskani upya hata baada ya miaka thelathini, anaweza kuichapa kwenye karatasi ukubwa anaotaka. Nani amewapa ruhusa ya kutupa kitu cha mteja bila kumuuliza? Fundi cherehani hatupi kitambaa chako kilichobaki bila kukuuliza.

Madai yangu kwao ni haya: pesa ya kusafisha irudi, na gharama ya mkanda mpya ilipwe. Tena ile karatasi ya mlangoni ibanduliwe au irekebishwe iseme ukweli, MIKANDA YA RANGI TU. Hakuna atakayewacheka. Minilabu ni ya C-41, hiyo inaeleweka, na ninyi mnaosafisha C-41 vizuri tunawahitaji sana maana mmebaki wachache. Lakini ukisema "hii sifanyi" mteja anaondoka na mkanda wake ukiwa mzima.

Wadau wa Arusha na Moshi, naomba msaada wa mambo haya. Nani ana tangi la kusafishia na rili za 35mm, hata za kuazima? Nyeusi na nyeupe inawezekana kabisa nyumbani: begi jeusi la kupakilia, dawa kama D-76 au ID-11, fiksa, na kipimajoto. HP5 kwenye ID-11 isiyochanganywa na maji ni dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba Moshi mwezi wa pili hayafiki chini hivyo, unaweka chombo cha dawa kwenye beseni la barafu. Kinachonikwamisha ni dawa zenyewe, hapa sijapata anayeuza. Mwenye njia ya kuzitoa Nairobi au Dar aseme.

Na wewe uliyewahi kurudishiwa mkanda mtupu ukaambiwa kamera mbovu, au ukauza kamera ya mzee wako kwa sababu hiyo, kama utepe bado unao uchukue uuangalie pembeni dhidi ya mwanga wa dirisha. Kisha andika hapa umeona namba au hukuona, na uliusafishia mji gani.