Naomba ushauri: mauzo bila riba kwenye chama cha Waislamu na Wakatoliki

Ndugu wanachama, salamu kutoka Yumbe, Uganda. Tunataka chama chetu cha akiba kiachane na mikopo ya riba, mtindo tulioachiwa na mkoloni, bila kuwabagua wenzetu Wakatoliki. Marekebisho ya sheria ya mabenki ya 2016 yaliruhusu benki za Kiislamu. Sisi ni ushirika mdogo tu.

Tumejaribu murabaha: chama kinanunua plau kwa shilingi 600,000, kinamuuzia mkulima kwa 690,000, awamu sita za 115,000. Tatizo lilianza pale mweka hazina alipompa mkulima pesa taslimu akanunue mwenyewe. Hapo hakuna mauzo tena, ni mkopo wenye riba uliovalishwa kanzu. Sasa risiti lazima iwe ya chama, na plau ifike stoo yetu kwanza.

Akichelewa kulipa, bei haipandi. Anatoa faini ya sadaka. Wakatoliki wanauliza, na wana haki, kwa nini yote iende msikitini.

Naomba kujua:
1. Faini hiyo yafaa kupelekwa zahanati ya kijiji?
2. Tukilipia simsim kabla ya mavuno kwa salam (mauzo ya kulipa sasa, mali baadaye), mvua ikigoma, turudishiwe pesa ileile au tungoje msimu ujao?