Pampu ya kudozi klorini inashika hewa, naomba ushauri
Habari wakuu, tumefunga pampu ya kudozi klorini (yaani inayoingiza dawa ya klorini kidogo kidogo kwenye maji) kwenye mradi wa maji wa kijiji, asubuhi inapiga vizuri ila jua likishawaka inagonga tu dawa haitoki, nahisi ni gesi maana klorini ya maji ikipata joto inatoa gesi. Pampu iko juu ya pipa la dawa, na ile valvu ya chini ya mpira wa kunyonyea imegusa mashapo, niipandishe kidogo au nishushe pampu dawa ijilete yenyewe? Halafu pampu ikizimwa pipa bado linapungua, sehemu ya kuingizia dawa iko chini kuliko pipa, hapo ndo naogopa kabisa dawa isije ikajivuta yenyewe ikazidi, watu wanakunywa haya maji jamani. Chekivavu (valvu ya kupitisha upande mmoja tu) ya kawaida inatosha au lazima ile ya springi?