memcmp inakataa strukti mbili zinazofanana, shida nini?

Wakuu habari za usiku. Naandika C. Nina strukti (kifurushi cha data) ya bidhaa, ndani ni char aina; (baiti 1) na int bei; (baiti 4) basi. Natengeneza mbili ndani ya fankisheni, zote aina 'A' bei 500, nikizilinganisha baiti kwa baiti kwa memcmp(&a, &b, sizeof a) naambiwa tofauti, nikiprinti moja moja ni vilevile. Na jana ilikubali!! leo nimewasha -O2 (kompaila iharakishe programu) tu ndo vituko vikaanza. Kompaila ina bagi au mimi ndo sioni?

Jibu: Mkuu kompaila muache. Printi sizeof a, utakuta 8 sio 5. Int inataka anwani inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo baada ya char panaachwa pengo la baiti 3, na mle hujaweka kitu, kuna takataka tu za waliopita kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya fankisheni) kabla yako. memcmp haijui bei wala aina, inasoma baiti zote 8. Jana ilikubali kwa bahati. Andika yako: return x->aina == y->aina && x->bei == y->bei;

Muuliza: Duh kweli 8. Sasa si nipige memset ya 0 kwanza (nijaze baiti zote 0) nibaki na memcmp? fildi zitaongezeka, sitaki kuandika == ishirini

Jibu: Siku nyingi itakubali, ila standadi ya C haijakuahidi hivyo, ukishaandika kwenye memba lile pengo linaruhusiwa kubeba chochote. Halafu siku ukiweka double umeumia, 0.0 na -0.0 kwa == ni sawa ila baiti zake tofauti, NAN (thamani ya "si namba") ndo kinyume chake, baiti zilezile ila == inakataa. Ukiweka char *jina (pointa, inabeba anwani tu ya jina) unalinganisha anwani, sio jina. Andika tu hizo ishirini kaka

Jibu: Niongezee, jibu la memcmp liulize ni 0 au sio 0, na usilibane kwenye char. 2012 MySQL na MariaDB (programu za hifadhidata) iliwatokea hiyo hiyo kwenye kukagua nywila, namba kama 256 ukiikata ibaki baiti moja inakuwa 0, yaani "sawa", basi kwenye mashine zilizoathirika nywila ya uongo ilikuwa na nafasi 1 kati ya 256 ya kupita. Unajaribu jaribu tu mpaka mlango unafunguka 😂

Muuliza: 😂😂 aisee. Nimeandika ya mkono, na -O2 inakubali. Naenda kulala