Madaktari mlioko wilayani Mtwara na Lindi, mnajisomeaje na pointi za CPD mnazipataje?

DaktariWaKorosho

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni daktari, huu mwaka wa tatu tangu nimalize intani (mwaka wa mafunzo kwa vitendo), niko hospitali moja ya wilaya huku kusini, jina naomba nisilitaje. Kwenye karatasi tuko madaktari wanne ila mmoja yuko masomoni kwa hiyo tunabaki watatu, na hao watatu ndo wodi zote, wagonjwa wa nje (OPD), thieta, zamu ya usiku, halafu ukitoka zamu asubuhi unaingia raundi kama kawaida.

Leseni yangu inakaribia kuhuishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika linataka pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya kazini. Hilo sina ugomvi nalo kabisa, daktari asiyejisomea ni hatari. Ila semina karibu zote ziko Dar, Dodoma, Arusha, na nafasi ikija kwetu wanaenda walewale. Mwaka jana ilikuja ya dharura za uzazi, siku tano, mimi ndo nashinda leba lakini akaenda mtu ambaye leba haingii, karudi hajatuambia hata neno moja la alichofundishwa. Iliniuma sana.

Kilichonifanya niandike leo ni mtoto. Mwezi wa nne aliletwa mtoto wa miaka miwili kwa bodaboda, kabebwa na bibi yake, homa, viganja vimepauka vyeupe kabisa, miguu ya baridi, anapumua kwa kuvuta kifua. Kipimo cha malaria kimesoma. Mi kichwani kwangu mshtuko ni maji ya haraka, nikaagiza dripu ikimbizwe. Nesi mmoja mtu mzima akanishika mkono akaniambia dokta pole pole, huyu damu haina kitu, ukimjaza maji atashindwa kupumua. Tukapunguza dripu, tukahangaika na damu, mjomba wake ndo alitoa, mtoto akapona.

Usiku nikakaa na simu nikaanza kutafuta, nikakuta utafiti unaitwa FEAST, 2011, umefanyika Kenya, Uganda na hapahapa Tanzania, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko wa damu hafifu, waliokimbiziwa maji walikufa asilimia 10 na ushee ndani ya saa 48 na ambao hawakukimbiziwa ni 7.3. Jamani 2011 mi nilikuwa sekondari! Jambo limejulikana miaka yote hiyo na mimi na digrii yangu nalijua kwa sababu ya nesi.

Sasa naomba mnisaidie, nyie mnajifunzaje mkiwa huku huku kazini, na je hayo mnayojifunza wodini yanaweza kuhesabiwa pointi au mpaka usafiri?

MzeeWaWodini

Marahaba mwanangu. Umenigusa.

Mimi nimeanza kazi tunatibu malaria kwa klorokwini. 2001 ikaondolewa ikaja SP (vidonge vya Fansidar na wenzake), 2006 ikaja dawa mseto ya ALu, kwinini ya dripu niliyoizoea miaka yote nayo ikapisha atesuneti ya sindano, baada ya ule utafiti wa 2010 kwa watoto wa Afrika ulioonyesha vifo vinapungua kwa zaidi ya moja ya tano, kama asilimia 22. Kila badiliko hapo nakumbuka mwenzetu fulani aliyechelewa, si kwamba ni mvivu, hakuna aliyemwambia. Unakaa kituo cha mbali, barabara ya mvua unaijua, waraka unafika mezani kwa mkubwa unalala pale.

Ninachofanya mimi ni daftari. Kaunta buku la kawaida la dukani. Kila mgonjwa aliyenishinda au aliyeniacha na swali naandika mistari mitatu, umri, alikujaje, nilichokuwa sijui. Silali nalo swali, nikipata bando nasoma, nikikosa nampigia mtu. Ukurasa wa kulia najaza jibu. Nina madaftari sita sasa. Ukiyafungua unaona ugonjwa wa sehemu yetu ulivyo, na hapo hakuna profesa wa Dar atakayekujulisha. Mwaka 2022 Ruangwa walipoanza kupokea watu wa homa, kichwa, wanatoka damu puani, nchi nzima ilishtuka, mpaka Wizara ilipotangaza mwezi wa saba kuwa ni homa ya mgunda, wagonjwa 20, watatu wakafariki. Ugonjwa wa mkojo wa panya na wanyama, unatibika kwa penisilini au doksisaiklini. Siku ile nilijiuliza mangapi yamepita mkononi mwangu nikayaita malaria sugu. Niliandika kwenye daftari, na tangu hapo mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria kimekataa namuuliza kazi yake, maji anayochota na panya wa ghalani.

Ila usidharau semina zote. Kuna vitu vya mkono, ultrasaundi kwa mfano, hiyo huwezi kuisoma kwenye simu. Omba likizo yako hata wiki mbili ukakae hospitali ya Ndanda au Nyangao au pale Hospitali ya Kanda Mtwara, usimame nyuma ya mtu anayejua. Mimi nilifanya hivyo kwa nauli yangu na sijawahi kuijutia.

MkungaMamaSwaumu

Dokta pole na hongera kwa kumsikiliza huyo nesi, wengi hawasikilizi.

Mi ni mkunga, miaka 14 leba. Nakwambia kitu ambacho sisi tumekiona kwa macho. Tulienda semina ya kumsaidia mtoto asiyelia, ile ya dakika ya dhahabu (mtoto awe anapumua ndani ya dakika ya kwanza), tukafundishwa vizuri tukapewa vyeti, tukarudi. Baada ya miezi mitatu mtoto hajalia watu wanakimbizana wanaitafuta ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa) iko wapi. Kumbe wenzetu Haydom kule Manyara walishaliona hilo na kulipima, mafunzo ya siku moja watu wanafanya vizuri kwenye mdoli lakini leba hawabadiliki, walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Basi tukaamua, kila asubuhi ya kupokezana zamu, dakika 10. Mdoli unajazwa maji anakuwa mzito kama mtoto kweli, mmoja anashika ambu wengine tunaangalia kifua kinapanda au hakipandi, tunahesabu kwa sauti. Wiki ya kwanza kifua hakipandi kwa mtu yeyote! Tukadhani ni mikono yetu. Tukaichukua ile barakoa ndogo tukaipitisha kwenye beseni la maji, mapovu yakatoka pembeni, imechanika kwenye ukingo mahali ambapo kwa macho huoni. Ilikuwa inatumika hivyo hivyo sijui tangu lini. Nilikaa chini siku ile, nikawaza watoto wangapi. Sitasahau.

Sasa dokta nikuombe kitu kimoja, madaktari njooni kwenye hayo mazoezi. Mnadhani ni ya manesi. Usiku mtoto akitoka kwa upasuaji hajalia nyie mnashona, mimi niko peke yangu na mtu wa usingizi, tukiwa tumefanya pamoja tutaelewana bila kupigiana kelele. Na hatudai posho, chai tunachanga wenyewe.

BingwaMtwaraMjini

Nichangie kama daktari bingwa ambaye napokea rufaa zenu.

Kwanza kuhusu FEAST, kaka umesoma vizuri ila weka na pembeni: watoto wenye kuhara na kuishiwa maji hawakuwemo kwenye ule utafiti. Mtoto wa kipindupindu mwenye macho yaliyozama usije ukamnyima maji kwa kuogopa, huyo maji ndo dawa yake. Hii ndo hasara ya kujisomea peke yako usiku, unapata nusu. Inabidi kuwe na mtu wa kumsomea ulichosoma akakuuliza.

Pili pointi. Kinachohesabika si kusafiri, ni kipindi kiwe kimeandaliwa na mtoaji anayetambulika, mada iandikwe, mahudhurio yasainiwe. Muulize mganga mfawidhi wako kama hospitali yenu imesajiliwa kutoa CPD, kama bado mjiegemeze kwa hospitali kubwa iliyosajiliwa, vipindi vyenu vya wodini vipite kupitia wao. Barua ya ukurasa mmoja tu. Wengi hawaiandiki ndo maana mwisho wa mwaka wanahangaika na vyeti vya mada ambazo hawazitumii.

Tatu, kuna ule mfumo wa ECHO ulioanzishwa New Mexico Marekani 2003, bingwa na vituo vya mbali wanakutana kwa video, kituo kinaleta mgonjwa wake wa kweli, wote wanajadili. Hauhitaji vitu vingi, simu moja yenye bando na spika. Mimi niko tayari saa moja kwa wiki. Ningeanza na kutoka damu baada ya kujifungua, maana utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023 hospitali 80 zikiwemo za Tanzania ulionyesha damu ya kuvuka lita moja inapungua kwa asilimia 60, na hakuna mashine humo, ni kuipima damu kwa plastiki yenye alama badala ya kukisia kwa macho, kisha kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kubana mfuko, treneksamiki asidi (dawa ya kuzuia damu kutoka), dripu na kumkagua mama, vyote kwa mpigo bila kusubiri kimoja kishindwe ndo uende kingine. Mnaoniletea akina mama usiku kutoka mbali, mkilijua hili nusu ya safari hizo hazitakuwepo.

TabibuZahanati

Samahanini wakubwa, mi si daktari ni tabibu tu, niko zahanati ndani ndani huko Liwale. Naruhusiwa kuchangia?

Mtandao kwetu mpaka upande kichuguu nyuma ya jengo, hiyo video siwezi kila wiki. Mimi nimepakua mwongozo wa matibabu wa taifa uko kwenye simu, hauhitaji bando, huo ndo mwalimu wangu. Lakini kilichonifundisha kuliko vyote ni simu. Nilimpa rufaa mama wa kifafa cha mimba, nikaandika kwenye barua "amepewa magnesiamu", ile dawa ya kuzuia degedege. Asubuhi daktari aliyempokea akanipigia, hakunifokea, akaniuliza ulimpa gramu ngapi, ya mshipa au ya makalio, saa ngapi? Nikamwambia 4 za mshipa pole pole na 5 kila kalio, saa tano usiku. Akasema sawa kabisa, ulifanya vizuri, ila mimi sikujua hayo, nimekaa na mama anashtuka nikiogopa kumuongezea na nikiogopa kumuacha. Akanielekeza niwe naangalia pumzi, goti linaruka au halijibu, mkojo unatoka, na kalsiamu glukoneti iwe karibu, ndo ya kuipinga magnesiamu ikizidi. Dakika nne hazikufika.

Tangu siku hiyo barua zangu zina saa na kipimo, zote. Nimekaa kazini miaka tisa, nimetoa rufaa sijui ngapi, aliyewahi kunipigia kuniambia mgonjwa wako alikuwaje ni huyo mmoja.

MzeeWaWodini

Unaruhusiwa sana kijana wangu, na hilo ulilosema limenikaa. Mimi rufaa nimepokea maisha yangu yote na simu za kurudisha majibu nilizopiga ni chache mno. Nitaanza kesho.

DaktariWaKorosho

Wakuu asanteni, nimesoma yote mara mbili mbili.

Nimeongea na mganga mfawidhi leo mchana. Kuhusu nani aende semina hakunijibu vizuri ila kwenye kuandika barua amekubali, nimeiandika hapo hapo mezani kwake akasaini. Mama Swaumu nimeenda leba nikawaambia tuijaribu barakoa ya ambu kwenye beseni kama mlivyofanya. Zipo tatu, moja inatoa mapovu. Tumeitupa, tumeagiza nyingine stoo.

Kaunta buku nimenunua, mgonjwa wa kwanza nimemuandika yule mtoto na lile la kuhara nimeliongeza ukurasa wa kulia. Dokta bingwa, tuanze Ijumaa saa moja na nusu asubuhi kabla ya raundi, naweka simu kwenye chumba cha wauguzi, wakunga watakuwepo. Tabibu wewe usipande kichuguu, piga simu ya kawaida tu nitakuweka kwenye spika, na hiyo barua ya rufaa ya kwanza tusomee kama ulivyoiandika siku ile.

TabibuZahanati

Ijumaa nina kliniki ya watoto inaanza saa mbili. Saa moja na nusu nitapiga. Nakala ya barua ninayo.