Mchezaji wangu anataka kuwa kuhani wa mungu aliyesahaulika, Jumamosi namjibu nini?

Msimulizi_Ilala
Wakuu, habari za muda huu. Nina meza ya watu watano, tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, mimi ndiye msimulizi) kila Jumamosi, huu ni mwezi wa saba sasa. Dunia ya hadithi yetu ni Forgotten Realms, mwaka 1492 wa kalenda yao.

Juzi walishuka kwenye magofu ya Netheril, dola ya kale ya wachawi, wakakuta hekalu la jua limefukiwa na mchanga. Nikalitaja kama pambo tu, nikasema hapa aliabudiwa Amaunator, nikitegemea watapita. Jamaa mmoja akaweka dadu chini: "Naachana na upanga. Nataka kuwa kuhani wa huyu mzee aliyetupwa."

Mwenzake akauliza swali lililonikaba koo. Kama hana waumini, hizo nguvu za kuponya anazitoa wapi? Na kweli, baada ya zile Taabu za mwaka 1358, miungu ilipotupwa duniani, Ao, mkuu wa miungu yote, aliamuru kila mungu awe na nguvu kwa kadiri ya waumini wake. Nikajibu "mtaona wiki ijayo" kwa sauti ya mtu aliyejipanga. Sijajipanga. Keshokutwa ndiyo Jumamosi.

Dadu20
Mkuu, umeteleza kabla hata ya kufika kwenye swali. Mwaka 1492 Amaunator hajasahaulika.

Netheril ilianguka mchawi Karsus alipotaka kunyakua uungu wa Mystryl, mungu wa uchawi, miji iliyokuwa ikielea angani ikaporomoka. Watu wakamnunia Amaunator kwa sababu yeye, mungu wa jua na sheria, alikaa kimya akitazama. Wakaacha kumwomba, akafifia. Baadaye wakatokea waliodai kwamba Lathander, mungu wa alfajiri, ni yeye yule, na toleo la nne la mchezo likawapa haki. Toleo la tano wapo wote wawili. Kitabu cha mchezo cha Sword Coast cha 2015 kinamworodhesha kabisa. Kuwa kuhani wake leo ni sawa na kushabikia timu iliyopanda daraja msimu uliopita. Hakuna huruma hapo.

Msimulizi_Ilala
Duh. Kumbe nimewalisha matango pori.

PopoWaPangoni
Hekalu liache. Badilisha anayejibu maombi.

Kasome habari za Ibrandul, mungu wa mapango. Shar alimuua wakati wa zile Taabu, kisha akaanza kuwajibu waumini wake kwa jina lake. Watu wakaendelea kuomba, wakaendelea kupewa, na marehemu keshaondoka zamani. Shar ndiye bibi wa giza na usahaulifu, kwa hiyo jina lililofutika ni shamba lake. Mpe kijana uponyaji bila longolongo mpaka ngazi ya tano. Halafu siku moja aombe mwanga, mienge yote izimike.

Dadu20
Hiyo ni roho mbaya. Nimeipenda.

BintiKagera
Mimi si mtu wa dadu, mume wangu ndiye mgonjwa wa haya mambo. Ila ninachokiona humu, mnauliza nguvu zinatoka wapi, hamuulizi watu walisahauje.

Kwetu Wahaya kuna Wamara, Mugasha, Irungu. Mugasha ni wa ziwa na dhoruba zake. Ikaja misheni, ikaja shule, na hakuna siku watu walikaa kikao wakaamua kumwacha. Leo ukimsikia Mugasha, mara nyingi ni jina la mwanafunzi darasani anaitwa kuandika ubaoni. Ndivyo mungu anavyosahaulika: jina linabaki, linabadilisha kazi.

Kwa hiyo usimweke huyo wa kwenu hekaluni peke yake. Mweke kwenye kiapo cha mchuuzi wa chumvi asiyejua anamwapia nani. Mweke kwenye mti ambao kijiji kizima hakiukati na ukiwauliza sababu wanasema "tumeukuta hivyo". Huyo kijana akitaka kumjua mungu wake, azunguke akiokota vipande.

Mzee_wa_Netheril
Dada kamaliza. Naongeza Jergal tu, aliyekuwa mungu wa wafu (kama hujamaliza mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 wa 2023, ruka hapa). Huyu hakushindwa na mtu. Alichoka. Wanadamu watatu, Bane, Bhaal na Myrkul, walipokuja kumpindua, akawaachia mamlaka yake wenyewe wagawane, akabaki karani wa kuandika majina ya wafu. Si kila aliyesahaulika analilia kukumbukwa, na kijana wako akigonga mlango wa namna hiyo anaweza kuambiwa arudi kwao.

Msimulizi_Ilala
Asanteni sana. Nimefika hapa: Amaunator namtoa. Nimekagua daftari, hakuna hata mmoja aliyefaulu dadu ya historia (ile ya kupima anajua nini) siku ile, kwa hiyo maandishi ya ukutani waliyasoma vibaya. Wa kweli jina lake limebanduliwa kwa patasi, zimebaki herufi mbili. Vipande vingine nimevitawanya, kimoja kiko kwenye wimbo wa kubembeleza mtoto pale bandarini. Maombi yatajibiwa kuanzia usiku wa kwanza, bila maelezo. Anayejibu mnamjua.

PopoWaPangoni
Afadhali ya marehemu kuliko huyo.

Dadu20
Jumapili tunataka mrejesho. Na huyo aliyeuliza nguvu zinatoka wapi, mkalishe mbali na daftari lako.