Nastaafu mwakani, baridi ya Njombe basi tena. Tanga au Mtwara? Naombeni ushauri

Mwl_Baridi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nipo Njombe, mwakani natimiza miaka 60. Magoti hayataki tena baridi ya huku, Juni na Julai kuamka alfajiri ni vita. Tumekubaliana na mama watoto tuhamie pwani tukapumzike. Yeye anataka Tanga, mimi moyo uko Mtwara, upande wa Mikindani. Tutakuwa wawili tu, nyumba ndogo ya vyumba viwili, bustani na kuku. Wapi panafaa zaidi kwa wazee wa pensheni? Nawaombeni majibu ya maana, usingizi umekata.

KusiKaskazi
Shikamoo mwalimu. Usidhani pwani yote ni moja. Tanga inapata mvua mara mbili, masika Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Mtwara ina msimu mmoja, unaanza Novemba mwishoni au Desemba na kufunga Aprili au Mei mwanzoni. Baada ya hapo ni ukavu hadi mwisho wa mwaka, karibu miezi saba.

Ndiyo maana bustani ya mchicha ya Tanga na ya Mtwara ni vitu viwili tofauti. Joto la mchana halipishani sana, Januari hadi Machi ni nyuzi 31 hadi 33 kote kote, na unyevu wa hewa ndio unaochosha kuliko joto lenyewe. Faida ya Mtwara ni Juni hadi Agosti: kusi inapovuma usiku unapoa, shuka moja inatosha na feni inazimwa.

Mtoto wa Newala
Njoo Mtwara mwalimu, ila usikae na pensheni tupu, panda korosho. Nafasi ni mita 12 kwa 12, ekari moja inaingia miti 28. Chukua miche ya kubebesha, mwaka wa tatu au wa nne unaanza kuokota. Adui ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, unakuja na baridi ya Juni maua yanapochomoza. Salfa ya unga ni kama robo kilo kwa mti mzima kila mzunguko, unarudia kila baada ya siku 14, unapuliza alfajiri umande ukiwa bado upo ili unga ushike na upepo usiubebe. Ukichelewa mzunguko wa kwanza, maua yanakauka kama yameungua na msimu umekwisha. Kuuza ni kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hela haiji siku hiyo hiyo, kwa hiyo usiipangie ada ya mjukuu.

Mwl_Baridi
Asante kijana wangu, ila sikuuliza kilimo. Kwa umri huu miti ya mita 12 nitaipanda nimwachie nani? Nauliza pa kuishi.

Nesi wa Zamu
Mwalimu, kabla ya udongo angalia damu. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, Mtwara ni kati ya yenye maambukizi ya juu. Mtu aliyezeeka nyanda za juu mwili wake hauna ile kinga ya waliokulia pwani, kwa hiyo homa ya kwanza inaweza kumshika vibaya. Chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, si baada ya kuzoea. Homa yoyote, kipimo ndani ya saa 24. Ikionekana ni malaria isiyo kali, mtu mzima hupewa dawa mseto vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24, na vinywewe baada ya chakula chenye mafuta kidogo ili vifyonzwe. Watu wanaacha siku ya pili wakijisikia nafuu, homa inarudi wiki mbili baadaye.

Je, kuna mwenye presha kati yenu? Anayetumia vidonge vya kupunguza maji mwilini amwone daktari kabla ya kuhama, maana kwenye joto la Februari dozi ile ile inaweza kumshusha presha hadi aanguke akinyanyuka kitandani. Hospitali zipo pande zote mbili: Tanga kuna Bombo, Mtwara kuna Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo.

Mwl_Baridi
Mama ana presha ndiyo. Nashukuru sana dada, hilo sikuwa nalo kichwani.

Fundi Jiwe
Popote utakapokwenda, nyumba ya pwani haijengwi kama ya Njombe. Mchanga wa ufukweni usiutie kwenye zege hata ukipewa bure. Chumvi inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba, zege inapasuka kutoka ndani na huwezi kuiziba kwa plasta. Nunua mchanga wa mto au wa shimo, na maji ya kukorogea yasiwe ya kisima cha chumvi. Nondo ifunikwe na zege milimita 40 hadi 50, si zile 20 za bara. Bati chukua geji 28, siyo 30. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Misumari yenye mpira, na kila mwaka kabla ya mvua pita ukibadilisha iliyoshika kutu, maana tundu la bati linaanzia kwenye msumari.

Sasa swali langu. Kiwanja unacho au bado? Naona unataja Mikindani kama mtu anayejua hadi mtaa.

Mwl_Baridi
Bado tunaangalia angalia.

Mama Nazi
Mwalimu, "tunaangalia" ni neno pana. Umetoa hela au hujatoa? Hapa watu wanakupa geji za bati bila kujua nyumba inakaa wapi.

Mwl_Baridi
Sawa, niseme. Nimetoa kidogo. Kiwanja ni milioni 9, nimeshalipa 6, nadaiwa 3 mwisho wa mwezi ujao. Nilikopa SACCOS nikitegemea kulipa kwenye mkupuo wa pensheni. Mama bado sijamwambia, nilitaka iwe zawadi. Kiwanja ni kizuri jamani, mita 20 upana na 30 kwenda ndani, kinatazama bahari. Muuzaji ni mtu mzima, ana heshima zake, na mjumbe alikuwepo tukipima. Sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 toka baharini naijua. Tulivuta futi kamba toka majini hadi kigingi cha mbele, tukapata mita 90. Jioni nilirudi peke yangu kupiga picha, nikatembea toka kigingini hadi majini hatua 50. Kwa hiyo msinitishe, niko salama. Nilichotaka ni kujua kama Mtwara panafaa.

Hakimu wa Mtaa
Mzee, uliomba ushauri wa mikoa miwili huku umeshalipa mmoja. Na fedha ya mkopo, bila mwenzako kujua, kwa nyumba atakayozeekea humo! Hiyo si zawadi. Mke anakubali Tanga au Mtwara kwa sababu anadhani bado mnaamua. Mwambie leo kabla hujajibu mtu yeyote humu.

Mwl_Baridi
Nitamwambia. Ila ningesubiri yeye akubali, kiwanja kingechukuliwa na watu wa Dar. Muuzaji alinionyesha namba zao.

Chumba cha Pili
Wakuu, hii ni chai. Tazameni namba. Asubuhi mita 90, jioni hatua 50, kiwanja kile kile, kigingi kile kile. Hatua ya mtu mzima haifiki hata mita moja. Huyu si mwalimu wala nini, ni dalali anayetangaza kiwanja cha "kutazama bahari" kwa mlango wa nyuma. Kesho ataleta picha na namba ya simu. Moderata, fungeni uzi.

Mtoto wa Newala
Na mimi nilishangaa. Mwanzo hana kiwanja, mara ana milioni 6 ndani.

Mwl_Baridi
Sina namba ya kuweka na sina cha kuuza. Nimeficha kwa aibu, hilo nakubali. Namba ndivyo zilivyo, mwenyewe sikuzilinganisha hadi sasa.

KusiKaskazi
Chumba cha Pili, umeona vizuri namba hazilingani, ila sababu siyo uongo. Mwalimu, mlipima lini na saa ngapi?

Mwl_Baridi
Muuzaji ndiye alichagua siku. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi. Nakumbuka usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu kabisa. Picha nilipiga saa kumi na nusu jioni.

KusiKaskazi
Basi ndiyo hivyo. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji kupwa mbali na kujaa juu kuliko siku nyingine. Siku hizo kwenye pwani yetu yote maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa saa kumi hadi kumi na moja jioni. Muuzaji amekupimia wakati bahari iko mbali kuliko saa nyingine yoyote ya siku hiyo.

Hesabu yenyewe inasimama, na dalali asingeibuni hivi. Hatua 50 za sentimita 75 ni mita 37 na nusu. Toa kwenye 90, inabaki 52 na kidogo. Bamvua inapanda zaidi ya mita 3 kwenda juu. Gawa hizo 52 kwa hiyo, utapata ufuko unaoteremka mita 1 kwa kila mita 16 au 17, mteremko wa kawaida kabisa wa ufuko wa mchanga. Mzee anasema kweli, na ukweli wenyewe ni mbaya.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na watu wa ardhi wanaanzia pale maji yanapofika yakijaa, siyo yanapokauka. Kigingi chako cha mbele kiko mita 37. Mita 23 za kwanza za kiwanja hujengi. Kina chake ni 30, kwa hiyo umebakiwa na mita 7 nyuma, kwa upana wa 20. Ondoa nafasi ya jirani na njia, hapo haiingii nyumba ya vyumba viwili. Na hiyo ni bamvua ya kawaida. Za Machi na Aprili zinapanda zaidi.

Chumba cha Pili
Nimekuelewa. Mwalimu, samahani sana, nimekukosea heshima.

Mwl_Baridi
Umesamehewa. Lakini jirani yake amejenga ukuta wa mawe kabisa, karibu kuliko mimi, na hajaguswa. Muuzaji anasema mtaa unajua.

Fundi Jiwe
Ukuta kusimama si kibali, mwalimu. Siku ikipita amri ya kubomoa, inabomolewa bila fidia. Na hata isipobomolewa, kisima cha mita 37 toka baharini kina tabaka jembamba la maji baridi, yasiyo na chumvi, likielea juu ya maji ya chumvi. Ukichimba kwenda chini sana au ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi inapanda na hairudi haraka. Kwa mkoa wenye ukavu wa miezi saba utategemea paa. Watu wawili, lita 20 kila mmoja kwa siku za kunywa na kupika, siku 210, ni lita 8,400. Tangi la 10,000 kwa kiwango cha chini. Tanga, kwa kuwa vuli inakata ukavu katikati, la 5,000 linaweza kukutosha.

Mama Nazi
Kuna minazi kwenye hicho kiwanja? Uliza ni ya nani. Pwani mtu anaweza kuwa na minazi shambani kwa mwingine, amerithi miti bila ardhi. Ukinunua ardhi, mwenye minazi anakuja kuangua mlangoni kwako, na ukikata anadai kila mnazi. Uliza na makaburi. Halafu muuzaji mwenyewe, ni chake au ni cha marehemu baba? Kama ni cha urithi, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na saini za warithi wote, dada zake pia. Na mkewe asaini.

Mwl_Baridi
Minazi ipo 6. Nilidhani imo kwenye bei. Kaburi sikuona. Cha baba yake, ndiyo.

Mama Nazi
Basi milioni 3 isitoke. Hata akisema watu wa Dar wako njiani.

Mwl_Baridi
Na 6 zilizokwenda?

KusiKaskazi
Andika barua kupitia wakili kwamba malipo yamesimama mpaka vipimo virudiwe na mpima wa halmashauri, maji yakiwa yamejaa, mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Usimtukane wala usimwite tapeli, bado unamhitaji akae mezani. Kama ardhi ya familia inaendelea kwenda ndani, hoja yako iwe kukisogeza kiwanja mita 30 nyuma kwa fedha ile ile. Kitendo hicho mara nyingi ni rahisi kwao kuliko kurudisha pesa iliyokwisha kuliwa. Wakikataa, ndipo baraza la ardhi.

Na swali lako la kwanza halijafa. Usijenge popote mwaka wa kwanza. Pangeni nyumba, na mwezi mmojawapo uwe Februari, mama akiwa na vidonge vyake. Kumbuka pia barabara: toka Njombe kwenda Mtwara unapita Songea, Tunduru, Masasi, lami tupu bila kugusa Dar. Ila anayetegemea watoto walioko Dar ajue Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakalala njiani. Tanga kwenda Dar ni kama kilomita 350, Mtwara ni zaidi ya 550.

Mwl_Baridi
Nilimwambia mama jana usiku. Hakusema kitu, alizima taa. Asubuhi ameniuliza swali moja tu, kama hiyo minazi 6 inazaa. Anasema twende wote wawili mwezi ukiandama, akaone mwenyewe. Nibebe nini?

Fundi Jiwe
Futi kamba ya mita 100, siyo ile ya 30 mnayounga unga. Vijiti vinne na kamba ya plastiki. Kuleni mchana mapema, mfike kabla ya saa tisa na nusu, mchomeke kijiti maji yanapofika kila nusu saa hadi yaanze kurudi. Kijiti cha juu kabisa ndicho cha kupimia. Na tazameni mstari wa nyasi kavu za bahari na vifuu juu ya mchanga. Mstari huo ukiwa juu ya kijiti chenu, pimieni hapo.